Mfupa Umeunga, Vidonge Haviachiki

Huku kwetu kati ya Kyela na Matema si ajabu kusikia kuwa fulani amevunjika mguu. Pikipiki imemwangusha, au ameteleza juu ya mnazi. Mwezi huu tunapenda kuzungumzia tatizo linaloanza baadaye, hogo likishatolewa.

Siku za kwanza mfupa uliovunjika huuma sana, na mgonjwa anastahili dawa kali: mofini, pethidini au tramadoli. Zote ni za jamii ya afyuni. Haziungi mfupa, bali huzuia ubongo usiyasikie maumivu. Zikitumiwa siku chache kwa maelekezo ya daktari ni msaada mkubwa, wala mtu asiziogope.

Lakini mfupa wa paja wa mtu mzima huchukua miezi 3 hadi 6 kuunga. Vidonge vya hospitali vikiisha, mtoto hutumwa dukani na kasha tupu. Wiki zinapita, mwili unazoea, na kidonge 1 kilichokuwa kikitosha sasa vinatakiwa 2. Siku akivikosa, mgonjwa hupiga miayo, hutoka jasho na makamasi, tumbo humkata, usingizi humpaa, na mguu huuma upya. Hapo hudhani mfupa haujapona, kumbe mwili unadai dawa. Tusimwite mlevi. Huko Marekani, tangu miaka ya 1990, watu wengi mno walinaswa hivyo na vidonge walivyoandikiwa na madaktari wenyewe.

Hata hivyo, si kila maumivu ya muda mrefu ni ya kudai dawa. Huenda mfupa haukuunga, umeunga kombo, au umeingia usaha, na kidonge kinalificha jambo hilo. Kwa hiyo kwanza apigwe picha ya eksirei.

Aliyekwisha kuzoea asiache ghafla. Daktari atampunguzia kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, akimpa parasetamoli na mazoezi ya kiungo. Katika muda huo pombe ni mwiko, na vidonge vya usingizi pia, kwa maana vikichanganyika na dawa hizi pumzi hupungua hata mtu akafa usingizini. Tramadoli ikizidi huleta pia degedege, hata kwa mtu mzima.

Unapokwenda hospitali chukua kasha la dawa, useme bila kuficha unameza vidonge vingapi kwa siku na tangu lini. Daktari akidanganywa hesabu, hawezi kupanga namna ya kupunguza.