Chumba cha bei nafuu Lushoto na mtaji unaolala kwenye kodi

MFANYABIASHARA mdogo anayehamia mji wa Lushoto ili awe karibu na wakulima wa mboga hupata chumba kwa bei ya chini kuliko ya Dar es Salaam, na huona tayari amefaulu. Lakini kabla hajapeleka hata gunia moja la karoti sokoni, sehemu kubwa ya mtaji wake imekwisha kuingia mfukoni mwa mwenye nyumba, ikiwa ni kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima.

Bei ya chumba ni jambo moja. Gharama ya kukaa katika chumba hicho ni jambo lingine. Mpangaji na mwenye kutaka kujenga vyumba vya kupangisha wote wanahitaji kuzitenganisha hesabu hizi mbili.

Mji na wapangaji wake

Lushoto, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal, iko katika milima ya Usambara, mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari. Njia yake kuu ni barabara ya lami ya kilometa 33 hivi, inayopanda kutoka Mombo kupitia Soni. Wilaya ya Lushoto, pamoja na eneo ambalo sasa ni Halmashauri ya Bumbuli, ilikuwa na watu 492,441 katika sensa ya mwaka 2012. Wengi wao ni wakulima wa vishamba vidogo, na wanaokosa ardhi ya kutosha vijijini hushuka mijini kutafuta riziki.

Wanaotafuta vyumba vya bei nafuu ni wa aina tatu. Wa kwanza ni wachuuzi, wapagazi, mafundi na makondakta wanaotegemea soko na stendi. Wa pili ni watumishi wa ngazi za chini. Wa tatu ni wanachuo wasiokaa bwenini, hasa wa Chuo cha Uongozi wa Mahakama kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1998. Wapangaji hawa hawalingani kwa kipato. Mtumishi hupokea mshahara mwisho wa mwezi, mwanachuo hupata fedha kwa muhula, na mchuuzi hupata leo akakosa kesho.

Maisha ya nyumba ya vyumba

Nyumba ya kawaida ya kupangisha ina vyumba vinavyotazamana kwenye ukumbi mwembamba, choo na bomba la uani, na mara nyingi mita moja ya umeme. Wapangaji huchangishana kununua umeme wa LUKU, na hapo ndipo ugomvi mwingi huanzia: mmoja ana taa moja, mwingine ana pasi na jokofu, nao hutoa mchango sawa.

Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo imekuwa ikikatwa kupitia LUKU. Mwaka 2023 kiwango cha nyumba ya kawaida kilipandishwa kutoka sh. 12,000/- hadi sh. 18,000/- kwa mwaka, yaani sh. 1,500/- kwa mwezi. Deni hilo ni la mwenye nyumba, lakini mkato humwangukia aliyenunua umeme. Mpangaji mwangalifu huandika makato hayo na kuomba yapunguzwe kwenye kodi ya chumba.

Chakula ndicho kinachompa nafuu mkazi wa Lushoto. Kabichi, viazi, maharage, hoho na matunda kama plamsi na peasi hutoka mashamba ya jirani. Tena mji ni mdogo: mtu huenda sokoni na kurudi kwa miguu bila kulipa nauli. Lakini sukari, sabuni, dagaa na mchele hupandishwa kutoka bondeni, na nauli ya gari imo ndani ya bei yake. Aidha kuanzia Juni hadi Agosti baridi ni kali, na chumba chenye dirisha bovu hula mkaa. Msitu wa Magamba ni hifadhi, hivyo kuni si za kujichumia ovyo.

Kwa nini kodi hudaiwa mbele

Mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi sita si lazima awe mkorofi. Wengi hujenga chumba kimoja kimoja, bila mkopo wa benki, kwa sababu kiwanja hakina hati ya kuweka rehani. Kodi ya mbele ndiyo benki yao. Wapangaji watatu wa sh. 30,000/- kwa mwezi wakilipa miezi sita, anapata sh. 540,000/- kwa mkupuo, fedha ya kuanzia chumba kinachofuata. Zikija sh. 90,000/- kila mwezi, huishia kwenye matumizi ya nyumbani.

Kwa maneno mengine, mpangaji anamkopesha mwenye nyumba bila riba. Suala ni kama ana uwezo wa kukopesha.

Hesabu ya mchuuzi

Chukua mfano wa mchuuzi mwenye mtaji wa sh. 400,000/-, ambaye fedha yake humzalishia faida ya asilimia 10 kwa mwezi baada ya kutoa gunia, upakiaji na usafiri. Akilipa sh. 180,000/- za miezi sita, anabaki na sh. 220,000/- za kununulia mzigo.

Kama angelipa sh. 30,000/- kila mwanzo wa mwezi, angekuwa na ziada ya sh. 150,000/- mkononi mwezi wa kwanza, sh. 120,000/- wa pili, na kuendelea kupungua hadi mwezi wa sita. Faida aliyoikosa kwa fedha hizo ni sh. 45,000/-. Ukiijumlisha na kodi, chumba kimemgharimu sh. 225,000/- kwa miezi sita, sawa na sh. 37,500/- kwa mwezi. Chumba kilichotangazwa kuwa cha elfu thelathini kwake si cha elfu thelathini.

Hesabu hiyo huonyesha jambo la pili. Akipata mwenye nyumba anayekubali malipo ya kila mwezi kwa sh. 35,000/-, ataongeza kodi ya sh. 30,000/- kwa miezi sita, lakini fedha zitakazobaki mkononi zitamzalishia sh. 34,500/-. Chumba kinachoonekana ghali bado kina nafuu kidogo.

Hatari kubwa zaidi haimo katika hesabu hiyo. Mboga huoza. Lori likichelewa kwa sababu mawe na udongo vimeporomoka njiani masika, au bei ikianguka Dar es Salaam siku mzigo unapofika, mchuuzi hupoteza sehemu ya mtaji. Mwenye akiba hununua mzigo mwingine wiki inayofuata. Ambaye akiba yake imo katika kodi hana cha kununulia, na mkulima aliyekuwa akimwekea mazao humpa mwingine. Ana paa juu ya kichwa, lakini hana kazi.

Kwa anayetaka kujenga

Mwekezaji mdogo naye asidanganywe na bei ya kiwanja. Lushoto ni mji wa miteremko. Kusawazisha ardhi, kujenga ukuta wa kuzuia udongo na kuchimba mfereji wa maji ya mvua huweza kumaliza fedha kabla msingi haujaonekana. Matofali ya kuchoma hupatikana karibu, bali saruji na mabati hupanda mlima kwa gari.

Kiwanja cha bondeni karibu na mto huwa tambarare na huvutia, lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kiwanja cha urithi nacho kina wenyewe wengi: saini ya kaka mmoja haitoshi kama ndugu wengine na mke hawajaridhia.

Tuseme chumba kimegharimu sh. 3,000,000/- na kinapangishwa sh. 30,000/-. Mapato ya mwaka ni sh. 360,000/-, yaani asilimia 12. Kikikaa wazi miezi mitatu chuo kinapofungwa, yanashuka hadi sh. 270,000/-, asilimia 9, kabla ya matengenezo. Mpangaji wa kudumu anayelipa kwa mwezi ana thamani kuliko anayelipa kwa mkupuo kisha akahama.

Sheria inasemaje

Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi na namna ya kuilipa ni makubaliano ya pande mbili, na asiye na maandishi hana pa kushika. Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha: kiasi cha kodi, tarehe ya kulipa, muda wa notisi, mgao wa umeme na maji, na nani anabeba kodi ya jengo. Kukitokea mgogoro, baraza la kata husuluhisha tu; uwezo wa kuamua liliondolewa mwaka 2021.

Kati ya miezi sita na mwezi mmoja kuna nafasi ya kuelewana. Wapo wanaoweza kukubaliana miezi miwili ya mwanzo, kisha kila mwezi kwa simu, maana tangu huduma za fedha kwa simu zilipoingia mwaka 2008 mwenye nyumba hana haja ya kugonga milango. Mchuuzi anayeingia Lushoto na ajadili muda wa malipo kabla ya kujadili bei. Shilingi elfu mbili anazopunguziwa kwenye kodi hazifiki mbali. Mzigo mmoja anaoweza kununua baada ya wiki mbaya ndio unaombakiza sokoni.