Mizani ya Gari Lisilokuwepo

Mtazame kijana aliyeketi mbele ya televisheni akicheza mchezo wa mbio za magari, nawe utamwona, kila gari lake liingiapo kona, akiinamisha bega kana kwamba kiti alichokalia nacho kimeyumba. Ilhali kiti kimetulia tuli, na gari lenyewe halina chuma wala mpira, bali ni hesabu tupu. Siri ya hadaa hiyo haimo katika uzuri wa picha, imo katika uzito: unahamia wapi, na kwa kasi gani.

Asili ya hesabu hizo ni ya kale. Mwaka 1678 mwanachuoni Robert Hooke wa Uingereza alieleza kwamba springi hubonyea kwa kadiri ya uzito inaotwikwa, ukizidi maradufu nayo hubonyea maradufu. Tuchukue gari la kilo 1,200, kila gurudumu likibeba kilo 300, na springi zake zikawa zimebonyea takriban sentimita 6. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu zote, kilo 240 huweza kuhama kutoka nyuma kuja mbele, hata kila gurudumu la mbele likabeba kilo 420 na la nyuma likabakiwa na 180. Pua ya gari huinama sentimita 2 na ushei, mkia ukainuka. Lau springi zingeachwa peke yake, gari lingepanda na kushuka kama jahazi lililotia nanga penye mawimbi. Ndipo inapofaa shokapu, ambayo haijali springi imebonyea kiasi gani, bali inabonyea kwa haraka gani, na huipinga kwa kadiri ya haraka hiyo.

Walakini mambo yote haya huamuliwa pale tairi linapogusa barabara. Tairi lililoongezewa uzito hushika zaidi, lakini si kwa kipimo kile kile, kwani kilo mia za pili hazileti mshiko sawa na zile mia za kwanza. Kwa hiyo gari linalolalia upande mmoja hupungukiwa na mshiko kwa jumla, na mchezaji afungaye breki katikati ya kona huuona mkia, uliokwisha kunyang'anywa uzito, ukiteleza kwenda nje.

Fauka ya hayo, kompyuta haiujui mwendo kama mfululizo. Huikata sekunde vipande vipande, na katika kila kipande hupiga hesabu upya. Gari liendalo kilomita 180 kwa saa hupita mita 50 kila sekunde, na hesabu zikipigwa mara 60 tu kwa sekunde, kati ya moja na ya pili gari limekwisha kuruka sentimita 83, hata shimo dogo likapitwa kana kwamba halikuwepo. Katika mchezo wa iRacing hesabu hupigwa mara 360, na hatua hiyo ikapungua kuwa sentimita 14.

Hesabu hizo ziliweza kutiwa hata katika kompyuta ndogo: mwaka 1984 Geoff Crammond aliutunga mchezo wa mbio za magari wa Revs kwa kompyuta ya BBC Micro, yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32 tu. Mwaka 1997 Gran Turismo, ya Kazunori Yamauchi wa Japani, ikawakabidhi wachezaji kazi ya fundi, wakakaza springi na shokapu kwa mikono yao wenyewe.

Maarifa hayo yametufikia hata sisi. Mbio za Safari za Kenya zilipofutwa mwaka 2020 kwa sababu ya Uviko, mchezo wa WRC 9 uliotoka mwaka ule ule ulikuwa nazo tayari, na wachezaji wakalitimua vumbi la Kenya miezi kadhaa kabla madereva wenyewe hawajafika Naivasha mwaka 2021. Katika njia kama hizo, akazaye springi kupita kiasi kwa tamaa ya wepesi huliona gari likirukaruka juu ya makorongo badala ya kuyafuata. Na gurudumu lililo hewani, liwe la mpira au la hesabu, halimsikii mshika usukani.