Kupima Mti Bila Kuupanda

Mkulima anapotaka kuuza mkaratusi uliosimama shambani mwake, mara nyingi mnunuzi hufika, huutazama toka chini hata juu, kisha hutamka, "Huu ni futi arobaini." Mwenye mti hana la kujibu. Mti huangushwa na kupakiwa katika lori, na huenda ulikuwa futi sitini. Zile futi ishirini zimekwenda bure. Tena yuko jirani yake akataye mti ulio karibu na nyumba kwa kukisia kwamba hautafika. Nao ukianguka, kilele chake hupasua paa. Hasara hizi mbili zina asili moja, nayo ni kukisia jambo ambalo laweza kupimwa.

Elimu ya kupima kwa pembetatu, ambayo shuleni huitwa trigonometria, hudhaniwa na wengi kuwa ni jambo la mtihani tu, la kusahauliwa mtihani ukiisha. Lakini shina lake ni jepesi. Mtu hupima kile awezacho kukifikia, yaani ardhi iliyo mbele yake na pembe ya jicho lake, kisha kwa hesabu hupata kile asichoweza kukifikia.

Kivuli cha Fimbo

Njia ya kwanza yataka jua na fimbo tu. Fimbo ya futi 5 isimamishwe wima karibu na mti, mahali palipo sawa. Kivuli chake kipimwe, na papo hapo kivuli cha mti kipimwe pia, tokea shinani hata nchani. Ikiwa kivuli cha fimbo ni futi 4, na cha mti ni futi 48, basi kivuli cha mti ni mara 12 ya kile cha fimbo. Kwa hiyo mti nao ni mara 12 ya fimbo, yaani futi 60. Vivuli hivi visipimwe kwa saa mbalimbali, kwa maana jua halingoji. Asubuhi au alasiri ni bora, kwa kuwa adhuhuri kivuli kilicho chini ya mti mpana ni cha matawi, wala si cha kilele.

Karatasi na Uzi

Siku ya mawingu iko njia nyingine. Karatasi ngumu yenye pande nne zilizo sawa ikatwe toka pembe hata pembe, nayo itatoa pembetatu mbili. Kila moja ina pembe mraba moja, na ncha mbili kali za digrii 45. Katika ncha moja kali hufungwa uzi wenye kijiwe, mfano wa timazi ya mwashi. Mpimaji huweka jicho katika ncha kali ya pili na kutazama juu kwa kufuata upande mrefu, huku uzi ukining'inia sawasawa kando ya upande mfupi ulio mbele yake. Kisha hurudi nyuma au husogea mbele mpaka kilele cha mti kionekane katika mstari ule. Hapo umbali toka miguu yake hata shina, pamoja na kimo cha jicho lake toka ardhini, ndio urefu wa mti. Akiwa amesimama futi 55 toka shinani, na jicho lake liko futi 5 juu ya ardhi, mti ni futi 60.

Ikiwa hapana nafasi ya kurudi nyuma, mpimaji hutumia pembe iliyo kubwa zaidi. Kwa digrii 60, kitabu cha majedwali chasema kwamba umbali uzidishwe kwa 1.732, na hesabu hiyo huitwa tanjenti. Aliye futi 20 toka shinani atapata futi 34.6, na akiongeza futi 5 za jicho lake atajua ya kwamba mti unakaribia futi 40.

Hata hivyo yapasa kuangalia. Mti ulioinama hudanganya, na mteremko vilevile. Katika shamba la mlimani mpimaji asisimame juu ya mti wala chini yake, bali ubavuni, mahali palipo usawa mmoja na shina. Naye akiona kwamba mti ni futi 60, na nyumba iko futi 50 tu toka shinani, ajue kuwa futi 10 za kilele zaweza kuifikia. Basi na amwite fundi aupunguze toka juu kabla ya kuukata shina.

Upana wa Mto

Karatasi ile ile hufaa pale wanakijiji wanapotaka kujenga daraja la miguu. Mbao zilizo fupi kwa futi tatu hazina kazi, na mto uliojaa si mahali pa kuingia na kamba. Mpimaji huchagua mti ulio ukingoni ng'ambo, na kupiga kigingi upande wake, kuuelekea mti ule. Toka kigingi hicho hufuata ukingo kwa mstari ulionyoka, wenye kufanya pembe mraba na mstari wa kuvuka mto. Pembe hiyo huhakikishwa kwa kamba ya futi 3, 4 na 5, kama mafundi wafanyavyo wanapoanza msingi wa nyumba. Huendelea mpaka mti wa ng'ambo uonekane kwa digrii 45, karatasi ikiwa imelazwa. Umbali toka kigingini hata hapo ndio upana wa mto.

Mlima Uliopimwa kwa Mbali

Yaliyo kweli kwa mti ni kweli kwa mlima pia. Upimaji mkuu wa Bara Hindi ulianza mwaka 1802 chini ya William Lambton, na wapimaji walivuka nchi kwa pembetatu moja baada ya nyingine. Walipofika kaskazini, Serikali ya Nepal haikuwaruhusu kuingia. Basi walipima pembe za kilele kimoja kirefu wakiwa katika nchi tambarare, zaidi ya maili 100 toka kilele chenyewe. Radhanath Sikdar, Mbengali aliyekuwa mkuu wa watu wa hesabu katika idara hiyo, ndiye anayekumbukwa kwa kuonyesha, mwaka 1852, ya kuwa kilele kile kilipita vyote vilivyojulikana. Mwaka 1856 urefu wake ulitangazwa kuwa futi 29,002. Mlima huo ni Everest. Mwaka 2020, baada ya kupimwa kwa msaada wa setilaiti, Nepal na China zilitangaza mita 8,848.86, yaani futi 29,032 hivi. Hesabu ya kale ilipungua kwa futi 30 tu, wala hapana aliyekuwa ameukanyaga mlima.

Katika Kenya nako ziko nguzo ndogo za saruji juu ya vilima vingi. Hizo ni vituo vya pembetatu, na ramani za nchi zilijengwa juu yake. Sheria inakataza kuziharibu, na ni haki, kwa kuwa anayebomoa nguzo moja huondoa pembe ambayo wengine wameitegemea.

Mwenye karatasi, uzi na kijiwe hana haja ya kungoja mnunuzi amwambie urefu wa mti wake. Na aupime jioni moja kabla ya kutaja bei, aandike hesabu yake katika daftari, kisha amwalike mnunuzi apime naye.