Kuandika na Yale Usiyoyapenda: Utangulizi wa Ufuatiliaji wa Haki za Binadamu Nchini Sri Lanka

Septemba 1990, katika uwanja wa ndege wa Katunayake nje ya Colombo, polisi walimzuia mbunge mmoja wa upinzani aliyekuwa safarini kwenda Geneva. Katika mizigo yake walikuta mamia ya karatasi zenye taarifa za watu waliochukuliwa wasirudi, pamoja na picha zao. Alikusudia kuzifikisha kwa wataalamu wa Umoja wa Mataifa. Karatasi zikachukuliwa. Mbunge huyo, wakili kwa taaluma, alikuwa Mahinda Rajapaksa. Mwaka 2005 akachaguliwa kuwa rais wa Sri Lanka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipomalizika chini ya uongozi wake mwaka 2009, serikali yake ndiyo ikawa inayotajwa Geneva, na waliopeleka taarifa huko wakaitwa wasaliti wa nchi.

Kisa hiki kina somo la kwanza kwa kila mgeni wa taaluma yetu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu: karibu kila kundi nchini Sri Lanka limewahi kudai maovu yaandikwe lilipokuwa likiumizwa, kisha likayapinga maandishi hayo yalipoanza kulitaja lenyewe. Mfuatiliaji wa haki za binadamu hufanya kazi katikati ya madai na mapingamizi hayo. Hoja ninayotaka uishike tangu sasa ni kwamba rekodi huaminika kwa kadiri mwenye kuitunza alivyo tayari kuandika na yale asiyoyapenda.

Kwa nini Sri Lanka

Kisiwa hiki cha watu takriban milioni 22 kimepitia machafuko ya aina nyingi ndani ya kizazi kimoja. Kusini, vijana wa Kisinhala wa chama cha JVP waliasi mwaka 1971, wakaasi tena kati ya 1987 na 1989, na mara zote mbili dola ilijibu kwa mkono mzito. Kaskazini na mashariki, kuanzia mwaka 1983 hadi 2009, jeshi lilipigana na waasi wa Kitamili wa LTTE, ambao dunia iliwajua zaidi kwa jina la Tamil Tigers. Katikati ya vita hivyo, kati ya 1987 na 1990, liliingia jeshi la India kwa jina la kulinda amani, nalo likaishia kupigana. Waislamu nao walikuwa na msiba wao: Oktoba 1990 LTTE iliwafukuza Waislamu wapatao 70,000 kutoka jimbo la Kaskazini, baadhi wakipewa saa chache tu za kuondoka.

Kwa hiyo hakuna jamii kisiwani isiyo na wafu wake, na hakuna mwenye silaha asiye na la kujibu. Juu ya hayo ipo Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 1979. Kwa miaka mingi sheria hiyo iliruhusu mtu kuwekwa kizuizini hadi miezi 18 bila kushtakiwa, na ungamo alilolitoa mbele ya afisa wa polisi likapokelewa mahakamani. Anayesoma mateso na utoweshwaji wa watu nchini humo hana budi kuisoma sheria hii mapema, kwa maana mengi yaliyotendeka gizani yalianza kwa kibali kilichoandikwa mchana.

Tukio, siyo hisia

Wageni wengi huja wakiwa na hasira, na hasira hiyo ina sababu zake. Lakini kipande cha msingi cha kazi yetu ni tukio: nani alimtendea nani jambo gani, wapi, lini, na nani anasema hivyo. Tangu mwaka 1982 mtandao wa HURIDOCS umesaidia mashirika ya nchi nyingi kuweka taarifa zao katika mpangilio wa namna hiyo, ili ushahidi wa kijiji kimoja uweze kulinganishwa na wa kijiji kingine.

Chukua mfano wa kijana aliyechukuliwa usiku na watu wenye silaha. Mama yake anakwenda kituo cha polisi, na pengine malalamiko yake yanaingizwa katika kitabu cha matukio, pengine yanakataliwa. Anaandika barua kwa Msalaba Mwekundu, kwa Tume ya Haki za Binadamu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, kwa mbunge, kwa askofu. Anafungua shauri mahakamani ili walioshika mwanawe waamriwe kumleta mbele ya hakimu. Kila hatua inaacha karatasi yenye tarehe. Mfuatiliaji hukusanya karatasi hizo, akaziweka kando ya maneno ya mama na ya jirani aliyeliona gari, akatafuta zinapokubaliana na zinapopishana. Hata kukataa kwa polisi kupokea malalamiko ni taarifa, na huandikwa.

Kumbuka pia kwamba shahidi hubaki kijijini baada ya wewe kuondoka. Ridhaa yake, usiri wa jina lake na usalama wa daftari lako ni sehemu ya mbinu kama yalivyo maswali unayomuuliza. Ushahidi uliopatikana kwa kumhatarisha aliyeutoa ni dhuluma nyingine juu ya ile ya kwanza.

Wahadhiri wa Jaffna

Mwaka 1988 wahadhiri kadhaa wa Chuo Kikuu cha Jaffna walianzisha kikundi cha walimu wa vyuo vikuu wanaotetea haki za binadamu, kinachojulikana kwa kifupi kama UTHR. Kati yao alikuwamo Rajani Thiranagama, mkuu wa idara ya anatomia, ambaye zamani aliwahi kuiunga mkono LTTE. Pamoja na Rajan Hoole, Daya Somasundaram na K. Sritharan aliandika kitabu The Broken Palmyra. Humo waliandika mauaji yaliyofanywa na wanajeshi wa India ndani ya hospitali ya Jaffna Oktoba 1987, na ukatili wa jeshi la serikali. Katika kurasa hizohizo waliandika jinsi LTTE ilivyowaua Watamili wenzake waliothubutu kuwa na msimamo tofauti.

Tarehe 21 Septemba 1989, akirudi nyumbani kwa baiskeli kutoka kazini, Rajani alipigwa risasi akafa. Alikuwa na umri wa miaka 35. Wenzake waliitaja LTTE kuwa ndiyo iliyohusika. Walilazimika kuihama Jaffna, lakini waliendelea kutoa taarifa kwa miaka mingi, nyingi zikiandikwa mafichoni. Mwaka 2007 Hoole na Sritharan walipewa tuzo ya Martin Ennals, wakishirikiana nayo na Pierre Claver Mbonimpa, mtetezi wa haki za wafungwa kutoka Burundi.

Taarifa za UTHR bado zinasomwa, na sababu yake inafaa kutafakariwa. Waandishi walikuwa Watamili walioandika makosa ya waliodai kuwapigania Watamili. Kwa hiyo walipoandika makosa ya jeshi, ilikuwa vigumu kuwapuuza kama wapiga propaganda. Kutopendelea kwao hakukumaanisha kugawa lawama nusu kwa nusu. Kulimaanisha kila tukio kupimwa kwa kipimo kilekile, hata hesabu ya mwisho ikiwaelemea wa upande wowote.

Mifupa inaposema jingine

Mwaka 1998, mwanajeshi mmoja aliyetiwa hatiani kwa kumbaka na kumuua msichana wa shule huko Jaffna alisimama mahakamani akasema kwamba mamia ya miili mingine imezikwa Chemmani. Uchimbaji wa mwaka 1999 ulitoa miili 15. Kwa wengi shauri lilionekana kuishia hapo. Kisha mwaka 2025 mafundi waliokuwa wakijenga karibu na makaburi ya eneo hilo walikuta mifupa. Mahakama iliamuru uchimbaji, na hadi Septemba mwaka huo mabaki ya watu zaidi ya 200 yalikuwa yameonekana, yakiwamo ya watoto. Maneno yaliyobaki kwenye kumbukumbu za mahakama kwa zaidi ya robo karne yakapata uzito mpya.

Sasa linganisha na Mannar. Mwaka 2018 mafundi wa jengo mjini humo walifukua mifupa, na uchimbaji ukatoa mabaki ya watu zaidi ya 300. Familia nyingi ziliamini kwamba ndugu zao wamepatikana. Vipande vilipelekwa kwenye maabara ya Florida, Marekani, kwa kipimo cha kaboni, na Machi 2019 majibu yakaja: mifupa ile ilikuwa ya kati ya mwaka 1404 na 1635. Majibu hayo yaliwaumiza na kuwatia shaka wengi, na maswali kuhusu eneo lile yakaendelea kuulizwa. Lakini mfuatiliaji aliyekwisha kutangaza idadi ya wahanga wa Mannar alijikuta pabaya kuliko yule aliyesema tusubiri vipimo. Shaka ya Mannar haikuifuta Chemmani, na uthibitisho wa Chemmani hauigeuzi Mannar. Kila kaburi lina jalada lake.

Hesabu ya wafu

Hakuna sehemu ya taaluma hii yenye ubishi kuliko idadi ya raia waliokufa katika miezi ya mwisho ya vita. Septemba 2008 serikali iliyaagiza mashirika ya misaada kuondoka Vanni, ngome ya LTTE, na watazamaji wengi wa nje wakawa wameondoka kabla ya mapigano makali kuanza. Wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa waliobaki Colombo walikusanya taarifa za simu kutoka kwa madaktari na wengineo, wakazilinganisha, na hadi tarehe 13 Mei 2009 walikuwa wameandika vifo 7,721. Serikali ilishikilia kwamba sera yake ilikuwa kutoua raia hata mmoja. Mwaka 2011 jopo la wataalamu wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, likiongozwa na Marzuki Darusman, lilisema waliokufa huenda walifikia 40,000.

Askofu wa Mannar, Rayappu Joseph, aliongeza takwimu ya aina nyingine. Alichukua idadi ya wakazi wa Vanni kwa mujibu wa maofisa wa serikali wenyewe, watu 429,059, akatoa waliovuka kuingia maeneo ya serikali, 282,380. Wakabaki 146,679. Akaiuliza tume ya serikali: hawa wako wapi? Takwimu hizi tatu hazijibu swali moja. Ya kwanza ni vifo vilivyoandikwa, na daima ni pungufu ya vilivyotokea. Ya pili ni makadirio. Ya tatu ni watu ambao hesabu haiwaoni, na kati yao wanaweza kuwamo wafu, waliokimbilia nje, na walioandikwa mara mbili tangu mwanzo. Askofu alikuwa makini kuuliza badala ya kutangaza. Wengi walioinukuu namba yake hawakuwa na umakini huo.

Ipo njia ya kuvuka ubishi wa namna hii pale ambapo orodha za majina ni zaidi ya moja. Watu wengi waliojisalimisha kwa jeshi kati ya tarehe 17 na 19 Mei 2009 hawakuonekana tena. Mwaka 2018 watakwimu wa kundi la HRDAG na wanasheria wa mradi wa ITJP waliziweka pamoja orodha kadhaa za watu hao. Majina yakijirudia sana kutoka orodha moja hadi nyingine, ni dalili kwamba wengi wamekwisha kuandikwa. Yakijirudia kidogo, wapo wengi ambao hakuna aliyewaandika. Kwa hesabu hiyo walikadiria kwamba waliotoweshwa katika siku hizo tatu ni takriban 500. Ni namba ndogo kuliko nyingine zinazotajwa majukwaani, na ngumu zaidi kuiangusha.

Rekodi inakokwenda

Sri Lanka imeunda tume nyingi kuliko raia wake wanavyoweza kuzikumbuka. Tume tatu za kanda za mwaka 1994 zilipokea maelfu ya malalamiko na kuthibitisha mengi, lakini waliopelekwa mahakamani walikuwa wachache. Mwaka 2008 jopo la watu mashuhuri wa kimataifa, chini ya P. N. Bhagwati, jaji mkuu mstaafu wa India, lilijiondoa katika kazi ya kutazama uchunguzi wa mauaji kadhaa, yakiwamo ya wafanyakazi 17 wa misaada huko Muttur, likisema serikali haina nia. Ofisi ya Watu Waliopotea, iliyotungiwa sheria mwaka 2016, bado inadaiwa majibu na kina mama walioanza kuketi kando ya barabara za Kilinochchi na Vavuniya Februari 2017.

Kwa sababu hiyo mkazo wa taaluma umehama. Machi 2021, kwa azimio namba 46/1, Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliipa Ofisi ya Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu jukumu la kukusanya, kuchambua na kuhifadhi ushahidi kwa ajili ya mashtaka ya baadaye, popote yatakapofunguliwa. Taarifa inayoandikwa leo haimlengi tena msomaji wa gazeti peke yake. Inamlenga mwendesha mashtaka atakayeifungua baada ya miaka 20. Matunda mengine yameonekana mapema. Machi 2025 Uingereza iliwawekea vikwazo makamanda watatu wa zamani wa vikosi vya Sri Lanka, pamoja na kamanda wa zamani wa LTTE aliyehamia upande wa serikali.

Pa kuanzia

Karibu, basi. Taaluma hii inahitaji mwanasheria anayejua ushahidi gani utapokelewa, mtakwimu anayejua orodha inaficha nini, mtaalamu wa mifupa, mtafsiri wa Kisinhala na Kitamili, mtunza nyaraka, na msikilizaji mvumilivu. Huna haja ya kuwa wote hao. Kwa zoezi la kwanza, chagua tukio moja, kisha tafuta taarifa mbili, moja inayolithibitisha na nyingine inayolipinga. Katika kila moja andika pembeni: mwandishi alikuwa wapi, alijuaje, na ni jambo gani amekiri linaloudhoofisha upande wake. Taarifa isiyo na kukiri kwa namna hiyo hata mara moja, isome kwa tahadhari, hasa ikiwa inasema kile ulichokuwa ukitamani kukisikia.