Mama Mkulima wa Chita na Haki Yake

Mara nyingi tumesoma habari za wanawake waliojulikana kwa elimu au kwa uongozi, na ni vyema kuzisoma. Lakini wako wanawake ambao majina yao hayakuandikwa po pote, nao ndio waliowalisha watu. Leo twataka kuwaelekeza katika bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, chini ya milima ya Udzungwa, mahali paitwapo Chita, tumtazame bibi mkulima wa huko, ambaye umri wake wote ameutumia kwa ajili ya watoto na wajukuu.

Mwanamke aliyezaliwa pande hizo katika miaka ya 1940 ameona mengi. Wazee wake waliijua njaa iliyofuata Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Maabara ya Waswisi ya kuchunguza maradhi ya nchi za joto ilipoanzishwa Ifakara mwaka 1957, yeye alikuwa bado kijana. Mwaka 1961 Tanganyika ikapata uhuru. Kati ya 1970 na 1975 ikajengwa reli ya TAZARA, ikapita chini ya milima hiyo hiyo, na katika muongo huo watu wengi wakahamishiwa vijiji vya ujamaa. Dunia iligeuka mara nyingi mbele ya macho yake, lakini jembe halikutoka mkononi mwake.

Yafaa vijana wetu wa mijini wafahamu kazi ya mpunga ilivyo. Vijiji vingi viko penye ardhi iliyoinuka, bali mashamba yako mbali, chini mbugani, ambako mto hufurika wakati wa masika. Basi mvua zinapokaribia, mama hujitwika sufuria, mkeka na mbegu, akambeba mtoto mgongoni, akahamia shambani. Huko hukaa katika dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo. Hulima, hupanda, kisha hupalilia miguu ikiwa majini. Mpunga ukitoa masuke, huamia ndege tangu alfajiri mpaka magharibi, na usiku hukesha kwa ajili ya nguruwe mwitu. Baada ya mavuno kuna kupiga, kupepeta na kutia maguniani. Na akirudi nyumbani, kinu, maji na kuni vinamngoja. Gunia moja likasafirishwa kwa reli, na thamani yake ikawa ada ya shule na sare za watoto.

Wala si kazi tu, bali na hatari pia. Mbugani mbu ni wengi. Wataalamu waliofanya uchunguzi wilaya za Kilombero na Ulanga mwishoni mwa miaka ya 1990 waliona kwamba vyandarua vilivyotiwa dawa vilipunguza vifo vya watoto wadogo kwa kadiri ya robo moja. Mama aliyekesha dunguni na mtoto mwenye homa, na zahanati iko mbali ng'ambo ya maji, ndiye ajuaye thamani ya habari hiyo.

Dini yetu haikuidharau kazi hii hata kidogo. Bwana Mtume Muhammad (s.a.w.) alifundisha kwamba Mwislamu akipanda mti au mbegu, kisha mtu, ndege au mnyama akala katika mazao yake, basi huandikiwa sadaka. Kadhalika sheria ya zaka imewajibisha sehemu moja ya kumi katika nafaka iliyonyweshwa na mvua au mafuriko, ikitimia kiwango chake. Wajibu huo humpasa mwenye shamba, awe mwanamume au mwanamke. Maana yake ni nini? Ni kwamba Uislamu wamtambua mwanamke kuwa mwenye mali kamili, kabla ya mahakama nyingi za dunia kumtambua hivyo.

Methali yasema, mchumia juani hulia kivulini. Lakini je, bibi huyu aliyechumia juani miaka sitini, kivuli chake ki wapi? Aghalabu mume anapofariki, ndugu huja na neno moja tu: "Ardhi hii ni ya ukoo." Na ajuza ambaye mikono yake ndiyo iliyofyeka pori hilo huambiwa arudi kwao, ilhali kwao hakuna aliyebaki.

Enyi Waislamu, neno hilo si sheria ya Mwenyezi Mungu. Kwanza, mali aliyoipata mwanamke mwenyewe, kwa kununua, kupewa au kurithi, haimo katika mirathi ya mumewe. Pili, baada ya gharama za maziko hulipwa madeni, na mahari ambayo hayajalipwa ni deni juu ya marehemu. Tatu, hutekelezwa wasia usiozidi theluthi moja. Ndipo warithi wagawane, na Suratun Nisaa imempa mjane thumni, yaani moja ya nane, ikiwa marehemu ameacha mtoto, na robo ikiwa hakuacha. Akifiwa na mwana aliyeacha watoto, yeye mama hupata sudusi, moja ya sita. Mafungu haya amri yake imetoka juu, wala ukoo hauna idhini ya kuyafuta.

Sheria ya nchi nayo haipingi haki hiyo. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 nayo yabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi, na hati ya hakimiliki ya kimila yaweza kuandikwa kwa majina ya mume na mke pamoja.

Basi wewe mume, ungali hai na akili yako timamu, kaa na mkeo, mbainishe lipi shamba lako na lipi lake, mwandike mbele ya mashahidi, na mwende serikali ya kijiji. Nawe kijana uliyesomeshwa kwa gunia la mpunga, usitosheke na kumsifu mama kwa maneno. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa ni nani astahiliye zaidi kutendewa wema, alimtaja mama mara tatu kabla ya baba. Mpelekee chandarua kizima, mlipie mtu wa kulima, na siku ya kugawa mirathi simama upande wake hata kama wajomba na baba zako wadogo watanuna.

Mwenyezi Mungu awarehemu mama zetu waliotangulia, na awape walio hai kivuli chao hapa duniani na kesho Akhera. Amin.