Mavazi ya Mchezo wa Kua

Baada ya mchezo wetu wa kuigiza juu ya kuanguka kwa mji wa Kua, wazazi wengi waliuliza tulipata wapi fedha za kununulia majoho na vilemba. Hatukununua hata joho moja. Mavazi ya wachezaji wote 22 yalitoka katika mitumba ya Kilindoni, na mengi yalikuwa mashuka ya kitanda. Kwa kuwa nilikuwa msimamizi wa mavazi, Mwalimu amenitaka nieleze namna tulivyoyatengeneza.

Kwanza ilitupasa kujua watu wa Kua walikuwa watu wa namna gani. Wenzangu wengine walitaka kuwavika matambara, maana kwa fikira zao mtu wa kale ni maskini. Lakini aliyevuka kwenda kisiwa cha Juani akayaona magofu yale, misikiti, makaburi na jumba lililokuwa na ghorofa, hawezi kusema hivyo. Wasakalava walipokuja kwa mitumbwi kutoka Bukini, ndiyo Madagaska, mwanzoni mwa karne ya 19, waliukuta mji wenye mali, wakauteka na kuwachukua watu wake utumwani. Ukimvika tajiri matambara tangu pazia linapofunguliwa, umemnyang'anya mali yake kabla adui hajafika. Tena tulikuwa tumewaalika wazee wa Juani, na mji ule ni wao kuliko kuwa wetu.

Jambo la pili lilizusha mabishano makubwa. Wasichana walitaka kanga na mabuibui. Mwalimu wa Historia alikataa, akasema kanga zilianza kuvaliwa pwani katika nusu ya pili ya karne ya 19, na mabuibui yakaenea baadaye zaidi. Hata merekani hatukuitaja jukwaani, kwa sababu Wamarekani walifanya mkataba wa biashara na Seyyid Said mwaka 1833. Basi wanawake wetu walivaa kaniki, na kwa kazi hiyo tulichagua mashuka ya buluu iliyokoza.

Sasa nieleze kanzu. Shuka moja la kitanda kipana latosha kanzu moja ya mtu mzima. Kanzu ya kale haina mikato ya mviringo kwapani kama shati. Kunja kitambaa begani, upate badani ya mbele na ya nyuma bila mshono wa bega. Ubavuni shona taharizi, nazo ziwe nyembamba juu na pana chini, ili mvaaji aweze kupiga hatua. Mikono ni vipande vilivyonyooka tu. Kati ya mkono na ubavu tia kikwapa, yaani kipande kidogo cha pembe nne. Ukikiacha, kanzu itapasuka mara mchezaji anapoinua upanga. Shingoni weka kaba kwa ndani ili pasilegee. Pindo la shuka lililokwisha kushonwa kiwandani liwe ndilo pindo la chini, nawe umepunguziwa kazi.

Kabla ya kununua shuka, omba uzi mmoja uuchome. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu. Uzi wa plastiki huyeyuka ukawa punje ngumu, na huo haushiki rangi. Weupe mtupu huumiza macho chini ya taa, kwa hiyo tulichemsha mashuka katika majani ya chai pamoja na shabu kidogo. Magome ya mikoko hutoa rangi nzuri zaidi, lakini mikoko hailindwi ili sisi tukaibandue.

Majoho yalikuwa rahisi kuliko nilivyotazamia. Katika marobota ya mitumba hutoka makoti marefu ya sufu ya nchi za baridi, na hapa Mafia nani atalivaa? Muuzaji alitupa matatu kwa bei ya shati moja. Tulifumua kola na vifungo, tukafungua mbele, tukazungushia ukanda wa manjano uliotoka katika pazia. Tai za shingoni kumi na mbili, zikishonwa ubavu kwa ubavu, ni mahazamu ambayo hata mimi ningependa kuwa nayo. Wasakalava tuliwakatia magunia, kwani kwao walijulikana kwa vitambaa vilivyofumwa kwa nyuzi za mwale, na gunia likitazamwa kwa mbali lafanana navyo.

Joho la tajiri halina kifungo hata kimoja, na hii ndiyo kazi niliyoifikiria siku nyingi. Katika onyesho la mwisho mkuu wa maadui humvua tajiri joho lile, akalivaa papo hapo, mwenye nalo akabaki na kanzu, mikono imefungwa. Joho lilipaswa kumtoka mmoja na kumkaa mwingine kwa kuvuta mara moja tu. Tulilipima kwa wachezaji wote wawili, tukalikata pana mabegani. Usiku ule, joho lilipotoka, wazee wa safu ya mbele walinyamaza kimya, na mmoja akajifunika uso kwa kofia yake.

Mavazi yote yamefuliwa, nayo yamo katika sanduku la stoo pamoja na majani ya mwarobaini. Chama kitakachoyahitaji kimwone Mwalimu wa michezo ya kuigiza. Majoho hayaazimwi kwa ajili ya mahafali.