Kabla Hujatuma Pesa ya Oili kwa Fundi

Uko kazini, simu inalia. Ni fundi. "Boss, hii gari oili imeisha kabisa. Nitumie elfu nne na mia tano nikuchukulie ya maana." Hujui atachukua gani wala duka lipi, lakini gari tayari liko juu ya jeki na jioni unalihitaji. Unatuma.

Mimi nilituma hivyo karibu miaka miwili. Gari langu ni Toyota Fielder ya injini ya 1500, ile ile unayoiona kila kona ya nchi hii. Asubuhi nikiliwasha lilianza kugonga-gonga kidogo kabla ya kutulia, na tanki lililokuwa likinifikisha Ijumaa likawa linaisha Alhamisi. Nikalaumu petroli. Nikalaumu foleni ya Mombasa Road. Siku moja natafuta spana kwenye buti, nakuta mtungi mtupu ambao fundi alikuwa ameusahau. Umeandikwa 20W-50. Kitabu cha gari langu kinataka 5W-30.

Nilipomuuliza, hakushtuka hata kidogo. "Nchi yetu ni joto, na gari ina kilomita nyingi. Nzito ndiyo inaikamata." Aliamini kabisa alichosema. Ila nilipoenda dukani kuuliza bei, hiyo 20W-50 ilikuwa rahisi mno kuliko pesa niliyokuwa natuma, na chenji sikuwahi kuiona.

Basi nikaamua kujua ninachonunua. Si kazi ngumu.

Anza na zile namba. Katika 5W-30, herufi W inasimama kwa majira ya baridi kule kwa wenzetu, na namba iliyo kabla yake inaonyesha oili inavyotiririka injini ikiwa baridi. Ndogo ni nyepesi. Namba ya mwisho inaonyesha uzito wake injini ikishapata moto, kwenye nyuzi 100. Hapa ndipo hoja ya "nchi yetu ni joto" inapoanguka. Injini ikishachemka, joto lake linazidi mbali joto la nje, uwe Limuru au uwe Mombasa. Na ikiwa imelala usiku kucha, oili yoyote ni nzito kuliko itakavyokuwa baada ya safari ya robo saa. Sekunde zile za kwanza asubuhi ndizo zinazokula injini, kwa sababu oili imeshuka chini na inatakiwa ipande haraka mpaka juu. Njia zake kwenye injini za siku hizi ni nyembamba. 20W-50 inachelewa kupanda, na hata ikishapanda injini inafanya kazi ya ziada kuisukuma. Kazi hiyo unailipia kwenye petrol station.

Namba sahihi utaipata wapi? Magari yetu mengi yametoka Japani na kitabu chake kimeandikwa Kijapani. Usikitupe. Namba za oili haziandikwi kwa Kijapani. Fungua kurasa za nyuma utafute 0W-20, 5W-30 au 10W-30, utaziona. Kama kitabu kilipotea, fungua boneti uangalie kifuniko cha kumiminia oili, maana magari mengi yameandikwa pale pale. Ukikuta 0W-20, na utaikuta sana kwenye magari mapya na ya haibridi, usiogope eti ni maji. Injini hiyo iliundwa ikiitarajia.

Je, gari likianza kula oili? Kitabu mara nyingi huruhusu zaidi ya aina moja, na kupanda ngazi moja ndani ya orodha hiyo, kwa mfano kutoka 5W-30 hadi 10W-30, si kosa. Lakini kuruka hadi 50 ni kuficha ugonjwa. Moshi wa bluu unataka fundi wa injini, hautaki oili nzito.

Baada ya namba, tafuta herufi za API nyuma ya mtungi. Zikianza na S, ni ya petroli. Zikianza na C, ni ya dizeli. Herufi ya pili jinsi inavyosonga mbele ndivyo kiwango kilivyo kipya: SP, iliyoanza 2020, inaishinda SN. SF haifai injini nyingi zilizotengenezwa baada ya 1988, kwa hivyo hata ukipewa kwa bei ya kutupa, iache hapo. Wenye gari dogo la dizeli lenye kichujio cha moshi wawe makini zaidi: wanahitaji oili yenye majivu machache, la sivyo kichujio kitaziba, na bei yake utaijutia. Na ukiwa na bodaboda, usiitilie ya gari. Klachi ya pikipiki nyingi huogelea ndani ya oili hiyo hiyo, na oili ya gari inaweza kuifanya iteleze. Ya pikipiki huandikwa JASO MA.

Kuhusu kiasi, injini ya Fielder yangu inachukua lita 3.7 pamoja na filta. Mtungi wa lita nne unatosha na unabaki kidogo cha kuongezea. Ukiambiwa ununue lita tano au sita kwa gari kama hilo, uliza zinaenda wapi. Oili ikizidi alama ya juu kwenye kijiti, nayo inaharibu.

Sasa tuje kwa pesa. Pesa ya oili mlipe mwenye duka, na pesa ya kazi mlipe fundi. Mwambie fundi akutumie picha ya mtungi, mbele na nyuma, na namba ya till ya duka. Ukiingiza hiyo till, soma jina linalotokea kabla hujakamilisha malipo. Ukiona jina la mtu binafsi badala ya duka, simama kwanza, piga simu. Ile SMS ya malipo usiifute: ina tarehe, kiasi na jina la duka, na oili ikigeuka kuwa feki una pa kuanzia. Mtungi wenye alama ya ubora ya KEBS unaweza pia kuuhakiki kwa kutuma SM#, ukifuatisha namba ya kibali iliyo kwenye alama hiyo, kwenda 20023.

Na usingoje fundi apige simu ndipo uanze kutafuta pesa. Ukiendesha kilomita 50 kwa siku na unabadilisha kila kilomita 5,000, una siku 100 katikati. Weka 50 bob kila siku kwenye akiba ya simu, na ikifika siku hiyo una 5,000 zimekungoja. Kwenye foleni na vumbi letu, mimi sivuki hizo 5,000. Gari likikaa sana bila kutembea, nabadilisha baada ya miezi sita.

Fundi wangu ni yule yule. Mara ya mwisho alinitumia picha bila kuombwa, 5W-30, API SP, nikalipa duka, kisha nikamtumia yeye ya kazi, na nikaongeza kidogo kuliko zamani. Jioni nilipochukua gari, alinipa mtungi mtupu nikautoboa kwa msumari pale pale kabla ya kuutupa. Akacheka. Lakini anajua kama mimi kuwa mitungi mizima huokotwa, ikajazwa uchafu, ikarudi dukani ikiwa na kifuniko kipya.